Siku Tisa Bila Moto

Simu ya Elsie ilikatika saa moja jioni, na tangu hapo Adero hakuinjika chochote. Alikaa juu ya kigoda jikoni, simu mapajani, akiikodolea macho kama mtu anayelinda maziwa yasifurike. Maneno ya mwisho ya binti yake yalikuwa machache.

"Mama, wanasema nimetunga. Kesho saa tatu naitwa ofisini, na wale wageni wa nje watakuwepo kwenye kompyuta. Wakiamua nimetunga, kazi imeisha. Na jina pia."

Alipopiga tena, simu haikupatikana. Wala haikupatikana saa nne, wala usiku wa manane.

Elsie alishtakiwa kutunga nini, Adero alijua. Alijua kuliko mtu mwingine yeyote kijijini kwao, chini ya Kisian karibu na Kisumu, na ndiyo maana hakulala.

Mradi ulifika kijijini miaka miwili nyuma, na Elsie, msaidizi wa utafiti, ndiye aliyewaleta watu wa mradi huo. Gugu maji lililoziba ufuo lilikatwakatwa, likachanganywa na mavi ya ng'ombe ndani ya tangi, likatoa gesi ya kupikia. Tangi lilibuniwa na wataalamu wa India, vipimo vilitoka Uswidi, hesabu zilipigwa Kisumu. Nyumba kumi na mbili zilichaguliwa, na ya Adero ikawa ya saba. Katika kila jiko vilifungwa vidude viwili vya chuma, vidogo kama vifungo vya koti: kimoja penye gesi, kingine kando ya mafiga ya kuni. Kila dakika kumi vilijiandikia joto, usiku na mchana. Kila mwezi Elsie alipita kuvisoma na kupeleka ripoti.

"Hivyo ni vijasusi," jirani yake Nasike alisema siku ile ya kwanza. "Wewe nyar Asembo, hebu washa kuni uone. Watakuja wang'oe gesi yao wampe mwingine." Nyar Asembo, yaani binti wa Asembo, ndivyo walivyomwita tangu alipoolewa kutoka Asembo Bay. Adero alicheka, lakini neno lile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kisha shemeji yake akafariki. Siku tisa boma lilijaa watu, na sufuria ya ugali wa waombolezaji haikai juu ya jiko dogo la gesi la vichomeo viwili. Ilibidi mafiga. Kabla ya kuwasha moto wa kwanza, Adero alifungua waya, akakitoa kidude cha upande wa kuni, akakizika ndani ya kopo la wimbi chumbani. Matanga yalipokwisha alikifuta kwa leso, akakirudisha. Elsie mwenyewe alikuwepo siku hizo, akikata vitunguu kando ya moshi, macho mekundu. Lakini nani hukagua waya kwenye mazishi?

Wiki iliyopita Elsie alimuuliza, "Mama, kile kifaa kilikuwa mahali pake wakati wote?"

"Kilikuwa pale pale, mwanangu."

Ulimi ulikuwa mwepesi namna gani!

Kulipokucha, Nasike alichungulia mlangoni. "Heh! Hayo macho ni ya mtu aliyevua omena usiku kucha."

Adero akamweleza yote. Nasike alishika mdomo, halafu akaketi.

"Sasa sikia, dada. Nyamaza. Ukisema, gesi imeenda. Elsie amesoma, atapata kazi nyingine."

"Na jina lingine atalipata wapi?"

Adero alijifunga leso, akachukua lile kopo la wimbi, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyoelekea Kisumu.

Ofisi ya mradi ilikuwa nyumba ya ghorofa moja yenye paneli za sola juu ya paa. Bawabu, mzee aitwaye Absalom, aliliangalia kopo.

"Mama, unauza wimbi? Hapa si soko la Kibuye."

"Mimi ni mama yake Elsie. Nataka kuingia kwenye mkutano."

"Wameshaanza. Daktari Naswa akifunga mlango ule, hata mimi siugusi. Keti hapo."

Aliketi kwenye benchi la korido, uso kwa uso na mlango. Nyuma ya mlango sauti ya kigeni ilikuwa ikitoka kwenye mashine, polepole, kisha ikanyamaza. Ikafuata ya Daktari Naswa, mkuu wa mradi.

"Elsie, siku tisa mstari umenyooka. Joto la mafiga ya nyumba ya saba halikupanda hata adhuhuri. Na siku hizo hizo ulitutumia picha ya mazishi, masufuria yanafuka moshi kwenye mafiga hayo hayo. Wenzetu wanauliza, nambari hizi zimetoka wapi?"

"Zimetoka kwenye kifaa, Daktari. Sikuandika hata moja kwa mkono."

"Ulimuuliza mwenye nyumba?"

"Nilimuuliza. Alisema hakikuguswa."

"Mwenye nyumba ni mama yako."

"Ndiyo. Na mama yangu hasemi uongo."

Adero alihisi kopo likimlemea. Alisimama, akagonga mlango. Ndani wakaendelea kuzungumza. Akagonga tena, kwa ngumi. Absalom akamshika kiwiko.

"Mama, utanifukuzisha kazi!"

"Elsie!" Adero alipaza sauti, mdomo karibu uguse mbao. "Mama yako amesema uongo! Kile kidude nilikitoa mimi. Nilikizika kwenye wimbi hili siku tisa. Kuni ziliwaka, tena nyingi! Niliogopa mtaninyang'anya jiko. Mtoto hajui lolote. Andikeni hivyo, na huko Uswidi waandike!"

Viti vilikwaruza sakafu. Sauti ya mashine iliuliza kitu. Mkono wa Absalom ulimwachia kiwiko.

Kitasa kikazunguka. Mlango ulifunguka kiasi cha uso mmoja, na uso ulikuwa wa Elsie. Aliliangalia kopo. Alimwangalia mama yake muda mrefu, bila kutabasamu.

"Mama, hakuna aliyetaka jiko lako," Daktari Naswa alisema nyuma ya Elsie. "Tulitaka kujua tu ni lini gesi haitoshi. Elsie, mpishe aingie. Na kopo lake."

Elsie hakusogea mara moja. Kisha alirudi nyuma hatua moja, akauvuta mlango hadi ukagonga ukuta.