Bizari ya Mukabera Asiyekula Samaki

Mukabera wa kijiji cha Rugera hakujua kukaa. Alimenya ndizi huku akitembea, alisali rozari huku akifagia, na hata kanisani, padri akiwa katikati ya mahubiri, utamkuta kahama benchi kwa kisingizio cha kumbembeleza mtoto wa mtu. Mumewe, Karekezi, alizoea kusema kwamba siku mke wake akifa jeneza itabidi lifungwe kamba. Lakini mwaka ule, vita vya Kagera vikiwa vimeshapoa na watu wameanza kusahau mahandaki, Mukabera alikuwa na sababu ya kutotulia, na sababu yenyewe ilikuwa pua.

Mwanamke huyu alitengeneza bizari ya samaki. Alikata tangawizi nyembamba akaianika kwenye ungo, juu ya paa, mbali na kuku. Alianika vitunguu saumu, maganda ya ndimu, eshenda zile pilipili ndogo kali za vichakani, na majani ya mujaja ambayo wenzake waliyatia kwenye chai tu. Giligilani aliikaanga. Vyote vikikauka alivisaga kwa chumvi juu ya jiwe alilorithi kwa mama yake, kisha akadondosha kidogo kwenye kigae cha moto, akainamia ule moshi na kunusa. Akitikisa kichwa, alirudi kwenye jiwe. Akinyamaza, bizari imeiva.

Aliyeipeleka mjini ni Anatolia, mama Mnyambo mtu mzima, mwenyeji wa hapo, aliyekaanga sangara pale stendi ya Kayanga. Makondakta waliwasahau abiria wao kwa sababu ya samaki wa Anatolia. Na Anatolia, Mungu amjalie, hakuwa mwizi wa sifa; aliyeuliza aliambiwa, "Hiyo ni bizari ya Mukabera." Kwa mwanamke ambaye baba yake alivuka kutoka Rwanda na ng'ombe wachache, na ambaye mpaka leo majirani wakikasirika humwita mgeni, kutajwa hivyo stendi hakukuwa jambo dogo. Shamba lilikuwa la Karekezi, migomba ya Karekezi, kahawa ya Karekezi. Bizari ilikuwa ya Mukabera.

Sasa sikia ajabu: huyu mama hakuwahi kula samaki maishani mwake. Wao walikuwa watu wa ng'ombe, na kwa watu wa ng'ombe samaki na maziwa havikai nyumba moja. Mla samaki akikamua, ng'ombe hukauka. Ubatizo waliupokea, mwiko hawakuuacha. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao jirani alimpa Mukabera mkia wa kambare, naye akaingia nao uani akiwa amefurahi. Karekezi alimsuguisha mikono kwa majivu, akatupa bondeni chungu alichotaka kuupikia, akasema siku samaki akiingia tena katika boma hili, yeye atatoka na ng'ombe wake. Mukabera akatii. Lakini nisimsingizie utakatifu: alimtamani samaki. Kila alipopita kwenye karai la Anatolia alimeza mate, akageuza uso, akaenda kununua sabuni ambayo hakuihitaji.

Basi masika yale yakaja mafua. Yalimlaza wiki nzima, yakapona, pua haikurudi. Kahawa ikawa maji ya moto. Moshi wa kuni haukuwa na harufu. Akasaga bizari kwa kukisia, akaipeleka, akajipa moyo. Baada ya gulio Anatolia alikuja mwenyewe mpaka Rugera, kiko mdomoni.

"Waitu, mwenzetu, Mama Theoneste," alisema, maana Theoneste ndiye mtoto wao wa kwanza, "watu wametema. Dereva mmoja kaniuliza kama nimemkaangia sangara kwa dawa ya minyoo."

"Shikamoo, mama. Ni pua yangu. Inarudi."

"Marahaba. Irudi upesi. Gulio likirudi na hii ikaharibika tena, nitachukua ya Vestina. Nina wateja, mwanangu, sina ubishi."

Vestina huyo alinunua bizari ya dukani akaichanganya na unga wa muhogo. Jina hilo lilimkaa Mukabera kichwani. Hakulala vizuri tangu siku hiyo. Aliamka akanusa blanketi, akanusa jivu, akanusa kwapa la Karekezi, ambaye alimuuliza kama amepagawa.

Siku moja kabla ya gulio alisaga upya. Alilamba unga ule, ulimi ukamwambia chumvi ipo na pilipili inaunguza. Mengine yote kimya. Akaongeza giligilani, akaogopa, akapunguza kwa chumvi, akaogopa zaidi. Alizunguka nyumba. Akaenda kisimani bila ndoo. Mchana Anatolia akafika na vipande vya sangara vya kujaribia kwenye kikapu, wakawasha moto ng'ambo ya mibuni, pale mpaka wa boma ulipoishia, ili mwiko usivunjwe.

"Onja wewe," Mukabera akamwambia kipande cha kwanza kilipoiva.

Anatolia akacheka. "Mimi? Ulimi wangu ulikufa zamani kwa hiki kiko. Najua samaki mbaya kwa uso wa mteja."

Wakamwita Elpidius, kijana wa jirani aliyekuwa akipita na jembe. Akala. "Tamu sana!" Mukabera akakaanga kingine kwa ile bizari iliyotemwa, makusudi, akampa. Elpidius akajilamba vidole. "Hii ndiyo kabisa!" Anatolia akamwambia aende akalime. Mwenye njaa si shahidi.

Mukabera akaanza kutembea tena, kutoka motoni mpaka mgombani na kurudi. Alitaka kulia na hakutaka Anatolia amwone. Kesho stendi nzima itasema bizari ya Mukabera imekwisha, na baada ya hapo watakumbuka vizuri ametoka wapi.

Ndipo Karekezi akatokea na fimbo yake, akimtoa Gaju, ng'ombe wao aliyekuwa ananyonyesha, malishoni. Akamfunga Gaju mbali, akasimama upande wa juu wa upepo kama mtu mwenye heshima zake. Akamtazama mke wake akizunguka, akamtazama Anatolia, akakohoa.

"Mtanichosha macho. Kuna nini?"

"Pua, Baba Theoneste. Unajua ni pua."

Akasogea mpaka kwenye moshi. Akanusa. "Giligilani imezidi."

"Unaisikia?" Mukabera akamrukia karibu kumwangusha. "Na vingine? Niambie vingine!"

"Ndimu ipo. Vitunguu vipo." Karekezi aliona macho ya mke wake yamemng'ang'ania, akapata huruma, na huruma ikamfungua mdomo kuliko alivyotaka. "Iliyopungua ni tangawizi. Yako siku zote huwa haijionyeshi mwanzoni. Inakuja nyuma, ukishameza, inapasha joto hapa kooni."

Anatolia akatoa kiko mdomoni na kuanza kukichokoa, ingawa kilikuwa kinawaka vizuri.

Mukabera alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu mafua yaanze, alisimama kabisa.

"Ukishameza nini?"

Karekezi akatazama fimbo. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa amefika mwisho wake mbele ya karai la moto.

"Mwaka ule wa vita," alisema polepole, "nilipochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kule mtoni Kagera. Walitugawia samaki wakavu. Asiyekula alilala njaa. Nilikula nikilia, Mama Theoneste, nakuapia. Nikarudi, nikaogopa kukamua. Nikakamua. Nikasubiri ng'ombe akauke."

"Hakukauka."

"Hakukauka. Alizaa, akamzaa huyu Gaju."

"Na baada ya vita? Walikulazimisha na stendi?"

Karekezi akachimba udongo kwa ncha ya fimbo. Mukabera akamgeukia Anatolia.

"Mwanangu," Anatolia akasema, "siri ya mtungi aijuaye kata. Mume wa mtu akila, mimi namhudumia. Anapenda cha mgongoni."

Hasira iliyompanda Mukabera haikuwa ya samaki. Angemsamehe samaki wa vitani hata kabla hajamaliza kusimulia. Lakini miaka yote ya kumeza mate, ya kugeuza uso, ya kununua sabuni! Alijinyima kwa ajili ya moyo wa huyu mwanamume, naye alikuwa akipanda Kayanga kila gulio kwenda kushiba bizari ya mkewe, kisha anarudi nyumbani amenawa mikono, anaulizia maharage. Aliona uchungu, akaona pia aibu, kama mtu aliyelinda mlango wa nyumba isiyo na mtu.

"Kaa," alimwambia. Karekezi akakaa chini, kwenye majani makavu. "Onja mpaka iwe sawa. Kesho ni gulio."

Wakafanya kazi. Mukabera alisaga tangawizi kwa nguvu ya hasira, Anatolia akakaanga, Karekezi akaonja akiwa ameinamisha kichwa. "Bado." "Ongeza." "Mujaja kidogo." Jua lilikuwa limeelemea upande wa Rwanda Karekezi alipoacha kutafuna, akafumba macho, akameza, akangoja. Uso wake ukalegea wote. Anatolia alimwona, na uso wa mteja ndio kitabu chake. Akafunga bizari yote kwenye nguo, akabeba kikapu, akaaga akiwa anajizuia kucheka. Jina la Vestina halikutajwa.

Kilibaki kipande kimoja kwenye karai, cha mgongoni. Mukabera akakichukua kwa vidole vyake. Karekezi akanyanyua mkono kama wa kuzuia, halafu akaushusha, kwa sababu hakuwa tena na haki ya kuzuia kitu.

Mukabera akakitia kinywani. Alitafuna kwa makini, kwa miaka yake yote. Chumvi ilikuwepo. Pilipili iliunguza. Nyama ililainika na kuachana, akaisubiri ile harufu aliyoifukuza stendi nusu ya maisha yake, akaisubiri mpaka akameza, na kooni pakapita joto tu, bila jina.

"Vipi?" Karekezi akauliza.

"Sisikii kitu." Machozi yakamtoka, makubwa, hakuyafuta. Akaketi majanini kando ya mumewe, magoti yakigusana. "Nieleze."

Karekezi akajikuna shingo. Mtu aliyezoea kula kwa kujificha hana maneno ya kula. "Kwanza," akaanza, "kuna chumvi…"

"Chumvi nimeipata," Mukabera akamkatiza. "Nieleze ulivyokula bila mimi."