Upepo kwenye Gari la Baba

Gari la baba lilibaki Pweto, Kongo, ng'ambo ya ziwa, siku tulipovuka kwa boti tukafikia Kenani, kambi ya wakimbizi karibu na Nchelenge. Mama naye alibaki hukohuko, makaburini, tangu kabla hatujakimbia, na hatukuvuka hata na picha yake moja. Baba, mtu asiyeogopa kitu, aliogopa jambo moja tu: kwamba ameanza kumsahau.

Mimi nasomea uhandisi kwa masafa hapa Nchelenge, kwa kompyuta inayokula umeme wa jua kama mgonjwa aliyepona. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuchora umbo la gari, kulipulizia upepo mlemle ndani ya kompyuta, na kuona hewa inavyolizuia. Wenzangu walichagua magari mapya. Mimi nikachagua la baba, ili nimrudishie walau kitu kimoja, na nikajiona mtoto bora kuliko wote ufuoni.

Vipimo hatukuwa navyo. Baba alinichorea hewani kwa mikono, macho ameyafumba: paa hivi, boneti hivi, mgongo unateremka taratibu. Nje wanawake walikuwa wakianika chisense mchangani, na harufu ya visamaki hivyo ikaingia pamoja na mwanga wa ziwa, nami nikachora kama mtu anayesinzia.

Kisha nikafanya ujanja tunaofundishwa wote. Kwa kuwa ubavu wa kushoto na wa kulia hufanana, unahesabu upepo wa nusu gari tu, halafu kompyuta inaigeuza nusu hiyo na kukupa ya pili. Betri inapona.

Mchana nikamwita baba. Mistari ya upepo, ya samawati na nyekundu, ilipanda boneti, ikateleza juu ya paa, ikashuka nyuma polepole. Ilikuwa nzuri mno, nikatamani kulala ndani yake. Baba akatazama, uso ukamsawijika.

“Iyi haiko motokari yangu,” akasema. “Fasi mama yako alikuwa anasukumia iko wapi?”

Nilikuwa nimesahau. Stata ilikuwa mbovu, na kila asubuhi mama aliegemeza nyonga kwenye kona ya nyuma, upande wa kulia, akasukuma huku akimsuta baba na gari lake. Nyonga ile ilibonyeza bati hata likabonyea ndani. Nusu yangu ya kushoto, laini, ilipogeuzwa kuwa ya kulia ilikuwa imemfuta. Nikajikasirikia hadi machozi.

“Papa, unionyeshe fasi yenyewe.”

Akaegemea ukuta kwa nyonga, kama mama alivyokuwa akiliegemea gari. Nikapima hapo, nikachora gari zima. Jua lilipozama upande wa Kongo betri ilikufa, kesho yake tukaanza tena, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Hatimaye picha ikatoka. Upepo uliteleza vilevile, lakini kwenye kona ile ulikatika, ukajikunja, ukazunguka palepale. Kwa mhandisi hiyo ni kasoro: hewa inalivuta gari nyuma, mafuta yanaliwa zaidi. Baba akaweka kiganja juu ya kioo cha kompyuta, pale upepo ulipozunguka.

“Ni yeye,” akasema. “Angalia, bado eko anasukuma.”