Mafiga ya Mama Lena

Zamani shamba la nara, yale matikiti ya mwitu ya jangwani, halikuwa na ua, lilikuwa na wenyewe. Kila mtu wa bonde la Kuiseb alijua kichaka kipi ni cha ukoo gani, na kijana aliyekamatwa na tunda la wenzake hakupata mke bondeni humo. Siku hizi wageni wanakuja na magari kutoka mjini, wanang'oa nara mbichi, kisha wanashangaa midomo ikiwaungua.

Josef Animab aliyaona hayo yote akanyamaza. Lakini Januari ile, alipofika na mkokoteni wake wa punda kwenye shamba la marehemu mama yake, akakuta waya umezungushwa. Ndani ya waya, nara zilikuwa zimeiva. Kibao kilisema: *Makao ya kale ya watu waliotoweka. Usiingie.*

Dada yake Katrina, aliyepanda nyuma na mapipa ya kupikia, alimsomea mara mbili.

"Kaka, umetoweka. Imeandikwa hapa."

"Nyamaza wewe."

"Mzimu unakasirika!"

Josef hakucheka. Nara haingoji mtu. Baada ya wiki tatu mbweha wangezimaliza, na mwaka mzima usingekuwa na mbegu za kuuza wala mkate wa nara wa kutafuna. Na zaidi ya chakula, lilimkera lile neno la kutoweka. Upepo ulikuwa umesogeza mlima wa mchanga na kufunua mafiga matatu, na yeye aliyajua kama anavyojua meno yake. Hapo ndipo mama yake, Lena, alipopika nara kila msimu. Msimu ukiisha hakubeba vyombo. Alivifukia chini ya majivu avikute mwakani, kama walivyofanya wote. Baada ya msimu wa mwisho hakurudi kuvifukua.

Asubuhi ya pili, ukungu wa bahari ukiwa bado mzito, Josef aliruka waya na koleo lake. Alichimba kwa hasira, akitupa majivu kushoto na kulia. Mwiko wa chuma aliukuta mapema, umeliwa na kutu, mpini umefungwa ngozi ya mbuzi. Angeweza kuacha hapo. Hakuacha. Alitaka na sufuria pia, akaendelea kushuka mpaka akafika kwenye mchanga mweupe usio na kitu.

Ukungu ulipoinuka, gari la Ndapewa likaja. Huyu alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Windhoek, binti mpole asiyevaa kofia hata juani. Josef alimwinulia mwiko.

"Huyu hapa mtu wako aliyetoweka! Mama yangu. Hakutoweka, mwanangu. Alikufa kwa kifua."

Ndapewa hakuutazama mwiko. Alitazama shimo.

"Babu, umechimba mpaka wapi?"

"Mpaka majivu yalipoishia."

"Chini ya jiko la mama kulikuwa na nini?"

"Majivu. Halafu mchanga kidogo, halafu majivu tena. Vigae. Makaka ya mayai ya mbuni. Takataka za watu."

"Umeyaweka wapi?"

Josef alionyesha lundo. Upepo ulikwisha anza kulipeperusha.

Ndapewa alichuchumaa kando ya lundo.

"Mama yako alipika juu ya jiko la bibi yake," alisema. "Na bibi juu ya wake, mpaka huko nyuma kabisa. Ofisi ya hifadhi inasema ninyi Waaonin wa bonde hili mlikuja juzi tu, hamna haki ya kuvuna. Kikao cha kuamua ni mwezi ujao. Nilitaka waje waone majivu yalivyolaliana, moja juu ya jingine. Ndiyo maana nikazungusha waya."

"Si ungeniambia!"

"Niliwaambia wazee wa baraza."

"Mimi hukuniambia. Na kibao?"

"Kibao kiliandikwa mjini, babu. Sikukisoma kabla hakijapigiliwa."

Akang'oa nguzo ya kwanza mwenyewe. Hapakuwa tena na kitu cha kulindwa na waya. Kabla ya kuondoka alipiga picha lundo, picha moja tu.

Kwa hiyo Josef alivuna. Nara zilikuwa tamu, na Katrina alikoroga pipa kwa mwiko wa mama yao bila kufanya mzaha hata mmoja. Josef hakukaa motoni. Alikuwa ametandika gunia karibu na shimo, anachambua lundo kwa vidole, vigae upande huu, makaka upande ule, majivu meusi mbali na ya kijivu. Alipanga, akapangua, akapanga tena mpaka jua likamchoma shingo.

"Katrina," aliita. "Njoo uangalie. Kipi kilikuwa chini ya mwenzake?"

Katrina aliutoa mwiko kwenye pipa, akamtazama kaka yake.

"Utaniuliza mimi, Josef? Koleo lilikuwa mkononi mwako."