Damu Niliyoificha Matogoro

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Matogoro ambayo mpaka leo haijanitoka. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani hadi kijitoni, nami nafua kanga za shangazi Tekla, aliyenilea. Shangazi alikuwa amekoma hedhi zamani, lakini maji yalikuwa yanakwenda mekundu, yenye harufu ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu aliye hai.

Nilipogeuka, alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikuwa nimesikia hatua zake.

"Usimwambie mtu," alisema polepole. "Kuna kitu kimekaa humu ndani, kinanila."

Nikanyamaza. Niliona aibu, tena niliogopa watu wangesema amerogwa. Miezi ikapita. Mbwa wetu akaacha kulala barazani kwake. Wageni walifika mlangoni, wakasita, wakakumbuka wana shughuli. Huko ndani shangazi alizungumza na kile kitu kwa upole, kama anayebembeleza mtoto, akikiomba kimwache angalau avune mahindi. Mimi nje nasikiliza, nimenyamaza vilevile.

Hatimaye alianguka, tukampeleka hospitali. Muuguzi mmoja mzee akanivuta pembeni.

"Nani alikuwa anafua nguo zake?"

"Mimi, mama."

"Basi wewe ulijua kabla yetu."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na ilikwisha kuenea. Mahindi yale tuliyavuna bila yeye.

Miaka mingi niliamini kitu kile kilitumwa na mtu. Baadaye nikaelezwa kwamba saratani hiyo huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, ambacho kinaweza kukaa mwilini miaka na miaka, mwenyewe hana habari. Ukimya huo ndio unaonitisha hata leo.

Sasa wahudumu wa afya wanakuja shuleni kwenu na chanjo ya kirusi hicho, na hapa mtaani kwetu Mfaranyaki nasikia eti inaziba uzazi. Mwanangu, si kweli. Mjukuu wangu nilimpeleka mwenyewe. Alilalamika mkono unauma, kesho yake akaruka kamba. Wanawaita mkiwa wadogo kwa sababu chanjo hufaa zaidi kabla kirusi hakijaingia. Nenda ukachanjwe. Ukiwa mtu mzima, kapimwe mlango wa kizazi pia, na ukiona damu usiyoielewa, sema siku hiyohiyo, hata kama unaona aibu.

Mungu akulindie mwili wako, mwanangu, akupe miaka mingi kuliko yangu, na mavuno yako uyale mwenyewe.