Aya ya Mwisho ya Wale Dada

Mpaka leo sijui aya ya mwisho ya wimbo ule inasemaje. Niliukuta kwenye duka la filimi Mbugangari, ndani ya filimi ya zamani ya Kifaransa isiyo na rangi, ambamo dada wawili wanaigiza na kuimba pamoja. Mwenye duka ameisimulia kwa sauti yake juu ya picha, kama ilivyo desturi hapa kwetu. Aya ya mwisho ameifunika kabisa, akitangaza filimi zake nyingine.

Mbele yake walisimama bibi wawili wa tumbo moja, mdogo ametoka Goma, ng'ambo ya mpaka. Jumamosi walitaka kuuimba kwenye harusi ya mjukuu wao, kama walivyouimba usichanani.

"Yaya, pale mwisho mudogo anamusamehe mukubwa," wa Goma alimwambia dada yake.

"Mukubwa ndiye anasamehe. We siku ile kwenye sinema ulikuwa unalia, ungesikia nini?"

"Bon, papa, toa sauti yako tusikie yao," mdogo alimwambia mwenye duka.

Mwenye duka alijikuna shingo. "Haitoki, mama. Na kopi iko hii moja tu."

"Basi hatuimbe," alisema mkubwa, akifunga kitenge.

Nilijiuliza kama waigizaji wale nao walibishana hivyo kamera ilipozimwa.

Hatimaye mdogo akaamua: aliyeifunika aya aje aifunike tena. Jumamosi mwenye duka alisimama kati yao na kipaza sauti, na aya ya mwisho ilipofika akawasifu maharusi mpaka wimbo ukaisha, na chini ya sauti yake kila dada akaimba maneno yake mwenyewe.