Miti Mitatu ya Miiba Nyuma ya Jengo Letu

Jumapili, tarehe 12 Oktoba. Manyunyu tangu alfajiri na upepo wa baridi. Mchana jua lilichungulia kidogo, likarudi zake.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea hapa Laurel, ughaibuni, kutoka Tabora, alirudi matembezini na pindo la kanga limejaa vitunda vyekundu. "Kumbe na kwenu kuna kunazi," akaniambia huku anatafuna. "Chachu kidogo, ila zinalika."

Nilishtuka. Mama anameza vidonge vya presha. Nikamuuliza amekula ngapi.

"Mkwe, kunazi nazo zinahesabiwa?"

Sikumgombeza. Kwa haki, hata mimi ningedhani ni kunazi: miiba, tunda dogo la mviringo. Nikaupiga picha mti ulio karibu na maegesho, nikidhani ndiko alikochuma, nikamtumia jirani yetu Mkenya anayefanya kazi kwenye kitalu cha miti, nikamtajia na presha ya mama. Akajibu upesi: ni hawthorn, mti wa miiba wa nchi za baridi, tunda lake halidhuru, asitafune mbegu tu. Nikashusha pumzi.

Ndipo mama akasema, "Ule wa maegesho niliuonja tu. Hizi nimechuma kule bondeni."

Tukavaa makoti, tukashuka. Bondeni kuna miti miwili. Mmoja una miiba mirefu kama kidole changu cha kati na majani mapana. Nikapasua tunda, mbegu tatu. Wa pili miiba yake mifupi, majani yamekatikakatika kama ya giligilani, na mbegu ni moja tu. Ule wa maegesho una miiba michache tu. Mimi niliishia darasa la saba, labda naogopa bure, lakini nilikuwa nimeulizia mti mmoja na mama amekula mingine.

Nikampigia jirani. Akacheka. "Hizo zote ni ukoo moja kubwa, dada. Zinachanganyika zenyewe, unapata mtoto ako na miiba ya baba na majani ya mama. Hata wenye wamesomea wanabishana ziko aina ngapi. Zote zinakulika." Kisha akakumbuka jambo. "Lakini ulisema ana presha? Watu hutumia hiyo kama dawa ya moyo. Hapo sitakudanganya. Uliza nesi."

Nesi wa zamu niliyempigia hospitali alisema mama asile tena, maana huenda zikaongeza nguvu ya vidonge. Tumpime kabla hajameza cha jioni, na akipata kizunguzungu tumpeleke hospitali.

Tulipompima, presha ilikuwa chini kuliko jana. Nikampigia tena nesi. Akasema kiwango hicho hakitishi, ameze kama kawaida. Sijui kama ni vile vitunda au ni kile kilima tulichopanda kutoka bondeni. Nisivisingizie.

"Umeridhika?" mama akaniuliza. Nikamjibu ndiyo, lakini si kweli sana. Vilivyobaki nilivimwaga nje, naye akinitazama kama namwaga chakula cha wageni.

Jioni tulikula ugali, dagaa na mchicha. Mama aliongeza ugali mara mbili. Mimi nilikuwa namtazama kila akiinuka, nione kama anapata kizunguzungu.