Safari ya Ulaya Iliyoishia kwenye Machela

Siku za Jumatatu sipiti katikati ya soko la Morogoro, nazunguka nyuma, na anayeniuliza sababu humwambia nakwepa jua. Leo nasema kweli: nawakwepa akina mama wa mboga, maana wao ndio walioniona nikishushwa kutoka Uluguru nimelala kama mfuko wa barua.

Wakati ule wa Wadachi nilikuwa karani wa posta. Bwana wetu alikaribia likizo, na safari hii alitaka, toka meli imshushe Napoli mpaka afike kwao Hamburg, apite miji kadhaa, na katika kila mji apate siku ya kwenda mahali pa karibu na kurudi jioni, na afuatane na mtu mmoja wa kumtunzia mizigo na karatasi zake.

"Salumu," akaniambia, "wewe una utaratibu. Niandikie ratiba. Ikinipendeza, utakwenda nami."

Akanipa kitabu cha saa za gari moshi. Nikaandika Napoli, Roma, Milano, Berlini na mingine minne katikati, asubuhi mji huu, adhuhuri ziwani, magharibi mji ule (hapakuwa na nafasi hata ya mtu kufunga kamba za kiatu). Kisha nikamdokezea mke wangu, mke wangu akamwambia mama yake, na kabla ya isha mji mzima ulikuwa na habari. Bi Zena, mkwe wangu, ambaye tangu ndoa aliniita "yule wa mihuri", akaniita mwanangu. Akanisomea dua, akaniagiza ile saa ya Wadachi yenye ndege anayechungulia dirishani na kulia.

Bwana aliisoma ratiba polepole. "Miji mingi. Tutaiweza?"

Hapo ningefuta miji mitatu, yakaisha. Badala yake nikasema, "Bwana, nipe Jumapili moja tu, nikupangie matembezi ya hapa hapa uone."

Nikaenda sokoni na daftari. Niliwauliza akina mama sita wa mlimani, kila mmoja peke yake ili wasiigane, na majibu yao yakalingana. Mama Anna, mkulima wa njegere kutoka kijiji cha misheni, alisema, "Namwacha jogoo anawika. Jua likianza kuuma kisogo nimeshatandika hapa." Nikaandika: mwendo wa saa mbili na nusu. Nikapanga kahawa kwa padri wa kijijini kwao saa tatu, maporomoko ya maji saa tano, kileleni saa saba, na saa kumi tuko mjini kula pilau ya Bi Zena. Nikaongeza machela na wachukuzi wanne, Bwana asije akachoka.

Tukaondoka alfajiri, Bwana na fimbo yake, Petro mpishi wake (Mluguru wa huko huko juu), wachukuzi, na mimi nimevaa viatu vipya vya ngozi nilivyoshonewa kwa ajili ya Ulaya. Saa tatu ya kahawa ilipofika, bado tuliliona bati la posta chini yetu, karibu kabisa, kama kitu nilichokiangusha. Saa sita visigino vyangu vilichunika. Kijijini tulifika saa tisa, mimi wa mwisho, na Petro akasema kwa upole, "Bwana, tulale," kwa hiyo pilau ililiwa bila sisi.

Asubuhi miguu yangu ilikuwa imevimba kama mihogo. Bwana akanyoosha fimbo kwenye machela.

"Panda."

"Haifai, Bwana."

"Umeiagiza wewe. Panda."

Basi nikashuka nikiwa nimebebwa, viatu kifuani, na akina mama wa soko wakinipita na mizigo kichwani. Mama Anna akaenda sambamba nami.

"Mama, uliniambia saa mbili na nusu."

"Uliniuliza kuja sokoni, baba. Kurudi nyumbani hukuniuliza."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akashika mti.

Sokoni, Bwana na Petro wakiwa bado nyuma, watu walipoiona machela walidhani anayebebwa ni Mzungu. Wakasimama. Askari mmoja akapiga saluti. Bi Zena alikuwa mbele, pole yake tayari mdomoni, akidhani Bwana ameugua, na machela ikatuliwa miguuni pake. Mkwe hatazamwi amelala, hilo kila mtu analijua. Nami nililala pale, nyayo zangu zikimwelekea, sina pa kuzificha.

Akavuta ushungi, akageuka. "Kumbe mzigo wenyewe ni yule wa mihuri."

Bwana hakunigombeza. Ofisini aliifungua ratiba yangu ya Ulaya, akaweka kidole.

"Na Roma, Salumu, uliwauliza watu wanaoshuka?"

Aliyekwenda naye Ulaya ni Petro. Alipoulizwa yeye angepanga vipi, alijibu, "Miji miwili, Bwana, na siku moja ya kukaa tu."

Tangu hapo, hata mtu akinielekeza kisimani, namuuliza kwanza: kupanda au kushuka? Na ile saa, Petro alimletea Bi Zena. Iko ukutani barazani kwake. Kila ndege akichungulia na kulia, mkwe wangu haniangalii usoni. Anaangalia miguu yangu, kisha anauliza kama pilau ya leo nimeiwahi.